Mpima Maji Bado Yuko Mlangoni

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye kiwanda hiki ni chako, viti tulivyokalia ni vyako, na hata dakika nilizopewa ni zako. Waheshimiwa wakuu wa idara, mlioketi mbele ili mwonekane. Ndugu wahariri, mlioketi karibu na chakula ili msichelewe. Ndugu waandishi wa vitabu mlioalikwa, ambao leo nitawasema na hamna kalamu nyekundu ya kunikata. Mafundi wa mtambo, wakataji, wabandika majalada, na jamaa zangu wa meza ya kukunja. Mzee wetu, mume wa Mama Uzi. Watoto na wajukuu wao. Na wewe mwenyewe Mama Uzi, unayestaafu leo, uliyewekwa kwenye kiti chenye mto kana kwamba umevishwa taji: nawasalimuni nyote kwa heshima, kila mtu kwa cheo chake, na wasio na cheo nawasalimu zaidi kwa sababu ni wenzangu.

Kwa wageni msionijua, mimi ndiye Redio. Jina nililopewa na wazazi lipo, linatumika hospitalini na siku ya mshahara. Hapa kiwandani naitwa Redio kwa kuwa kazi yangu ni kusoma kwa sauti watu wengine wakifanya kazi. Sikuajiriwa kwa kazi hiyo. Niliajiriwa kupaka gundi, na wiki ile ile ya kwanza nilijipaka mwenyewe kuliko nilivyopaka vitabu. Mama Uzi, mkuu wa meza ya kukunja na kushona, akanitazama vidole vilivyoshikana, akasema, "Mwanangu, hiyo mikono yako haitaki kazi, lakini huo mdomo unafanya kazi ya watu wote. Hebu kaa hapo utusomee." Nikakaa. Mpaka leo sijasimama, isipokuwa sasa hivi, na mnaona jinsi ninavyopendeza nikisimama.

Shule tuliachana kidato cha pili, na tuliachana kwa amani; hakuna aliyemlilia mwenzake. Hata hivyo nawaambieni bila haya: katika chumba hiki hakuna mtu aliyesoma riwaya mpya za maajabu na za sayansi kunizidi. Wahariri husoma kwa kuwa wanalipwa. Waandishi husoma vya kwao. Mkurugenzi husoma jalada la nyuma. Mimi nimezisoma zote, kwa sauti, mbele ya wanawake na wanaume wenye sindano mikononi, na hakuna msikilizaji mkali kama mtu mwenye sindano.

Niwaeleze wageni jinsi tunavyosoma, msije mkadhani tunasoma kama watu. Chumba hiki mnachokiona leo kimetundikwa maputo, siku za kazi meza zake haziko ukutani; ziko katikati, zimejaa karatasi. Mtambo ulio nyuma ya ukuta huo hutoa karatasi kubwa zenye kurasa nyingi mbele na nyuma. Sisi huikunja karatasi, na kuikunja tena, mpaka iwe kama kijitabu, nasi tunakiita mkunjo. Mikunjo ikipangwa na kushonwa pamoja ndiyo inakuwa kitabu. Sasa mtambo haujui hadithi inaanzia wapi. Fundi wa mtambo huchapa mkunjo ulio tayari. Leo unaweza kuja wa tano, kesho wa pili, na wa kwanza huja mwisho kabisa, kwa sababu wahariri bado wanagombania ukurasa wa shukrani. Na sisi tunasoma kadiri unavyokuja. Mezani kwetu mtu hufa kwanza, halafu huoa, halafu ndipo huzaliwa.

Mzee wetu, mume wa mama, nakupa pole mbele ya watu. Kila jioni mama akirudi nyumbani alikusimulia mkunjo wa siku hiyo, na kila jioni wewe ulijitahidi. Nimeambiwa, na aliyeniambia yuko kwenye kiti chenye mto, kwamba siku moja uliuliza, "Huyu malkia jana si ulisema amezikwa?" Naye akakujibu, "Amezikwa, leo anachumbiwa. Kula chakula chako." Ndoa ambayo imestahimili hayo haihitaji hotuba yangu.

Mnacheka, lakini hiyo ndiyo shule yangu, na imenipa kipimo ambacho wenye shahada hawana. Riwaya nzuri ni ile ambayo ukiivamia katikati, bila kujua nani ni nani, bado unataka kujua mtu huyu atafanya nini baadaye. Riwaya mbaya inahitaji uanzie mwanzo ili ikushawishi umalizie mwisho. Je, ndugu wahariri, mlilijua hilo? Andikeni basi, siwadai chochote.

Tuanze na majoka. Nani aliwaambia waandishi wetu kwamba kila riwaya ya maajabu lazima iwe na joka, ramani, na mfalme mwenye jina ambalo ukilitamka unatemea mate karatasi? Mimi majina hayo niliyapunguza. Mfalme yeyote mwenye herufi nyingi nilimwita Mjomba. Mama Uzi yeye hakuwa na shida na majina. Shida yake ilikuwa chakula. Nikiwa nasoma lile joka kubwa la milimani, akauliza bila kuinua macho, "Linakula nini?"

"Linakula wakulima, mama."

"Na wakulima wakiisha?"

Nikafunua kurasa, nikatafuta. Mwandishi hakuwa amefikiria. Mkunjo uliofuata joka lilikuwa limenenepa, na ufalme mzima ulikuwa unakula karamu ya ngano. Ngano imelimwa na nani? Mwandishi huyo yupo hapa leo, simtaji, ila akiona watu wanamgeukia ajue si mimi niliyemwonyesha.

Halafu wateule. Ndugu zangu, mbona mteule ni yatima siku zote? Mbona analelewa na mhunzi siku zote, na ana alama begani siku zote, na haoni ile alama mpaka mzee fulani aje amwambie? Hana kioo? Haogi? Tuliposoma ile ya mteule wa jua, chumba kizima kilijikagua mabega. Fundi wa mtambo akaonekana ana alama. Ni ya kuungua, aliegemea mtambo ukiwa moto, lakini tangu siku hiyo anatembea taratibu, anaitika kwa upole, na nasikia ameuliza idara ya utumishi kama likizo yake inaweza kutumika kwenye ufalme wa nje.

Roboti nao. Mwaka huu tumekunja roboti wengi kuliko kalenda. Roboti aliyejua kupenda, roboti aliyejua kulia, roboti aliyetazama machweo akajiuliza maana ya moyo. Kijana mmoja wa meza yetu akavutiwa sana, akasema huyo ndiye mwanamume kamili. Mama Uzi akavuta uzi, akafunga fundo, akasema, "Amekaa kurasa zote hizo anatazama jua linazama. Vyombo vimeoshwa na nani?" Nikatafuta tena. Waandishi, mnanipa kazi ya kutafuta mambo msiyoyaandika.

Nisionekane mtu wa kulaumu tu. Ile riwaya ya msafiri wa wakati, anayeruka kutoka uzeeni kwenda utotoni na kurudi, tuliielewa vizuri mno. Tulipokea mkunjo wa sita, tukapokea wa pili, tukapokea wa nne, na kila kitu kikakaa mahali pake. Ilipokwisha kushonwa kwa mpangilio tukajaribu kuisoma upya kuanzia mwanzo, na hakuna aliyeelewa kitu. Nilimwambia mhariri wake. Akaniuliza kama naukumbuka ule mpangilio wetu.

Na kuna siku, hii lazima niwaambie, ambapo mezani palikuwa na riwaya mbili kwa pamoja, ya mfalme na ya chombo cha angani, karatasi aina moja, herufi aina moja. Nikasoma mkunjo wa mfalme, nikachukua uliokuwa chini yake, nikaendelea. Mjomba alikuwa amekimbia vitani kwa farasi; sasa yumo ndani ya chombo anaamuru injini ziwashwe. Hakuna aliyeshtuka. Nikasoma, sindano zinakwenda, uzi unapita, mpaka chombo kikatua kwenye mwezi wa pili wa sayari ya barafu. Hapo Mama Uzi akasema, "Huyu Mjomba kwa kweli amepandishwa cheo." Nawauliza waandishi wa riwaya hizo mbili, kwa upendo: ikiwa tumbo la kitabu chako linaweza kukaa ndani ya kitabu cha jirani na wala hakuna anayeumwa, ni tumbo la nani?

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Katika chumba hiki kuna kipimo kingine ambacho sikukigundua mimi, nilikikuta. Ni sauti ya uzi. Uzi wa kushonea vitabu ukipita kwenye karatasi unatoa mlio mwembamba, na washonaji wote wakiwa kazini mlio huo haukatiki. Nikisoma kitabu cha kawaida, unaendelea. Nikisoma kizuri, unapungua. Mimi kwa kiburi changu nilidhani hakuna kitabu kinachoweza kuuzima kabisa, hata nikisoma kwa hii sauti yangu ambayo mnaisikia ilivyo.

Kikaja kitabu cha Mpima Maji.

Kwa msiokisoma, na kwa jinsi makasha yalivyojaa ghalani naona ni wengi: kuna chombo cha angani, kirefu kama mji. Watu wamezaliwa humo, na wazazi wao wamezaliwa humo. Wanakwenda dunia mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Humo yupo mwanamke ambaye kazi yake ni kugawa maji, kila nyumba kipimo chake. Hana alama begani. Hana upanga. Ana kikombe. Na kwa kupima maji kila siku, kwa kuona jinsi yanavyoegemea upande mmoja wa kikombe, kinyume na ule walioandika wapimaji wa zamani, akagundua kwamba chombo kimegeuka. Kiligeuka zamani, kabla hajazaliwa. Wanarudi walikotoka, na wakubwa wanajua, na hakuna aliyewaambia watu. Vimetoka vitabu viwili, na cha pili kinaishia amesimama mbele ya mlango wa ukumbi ambamo watu wote wamekusanyika kwa sherehe ya kuimbia dunia mpya. Mkono uko kwenye mlango. Basi. Karatasi imekwisha.

Nilipofika hapo uzi ulinyamaza wote. Sikuamini masikio yangu. Mkurugenzi, wewe ni shahidi, maana uliingia wakati ule ule, ukatuona tumekaa sindano zikiwa hewani, ukauliza nani amefariki. Mama Uzi akakujibu, "Bado."

Tangu siku hiyo meza imegawanyika. Wapo wanaosema aingie aseme, watu wana haki ya kujua wanakwenda wapi. Wapo wanaosema awaache waimbe, hiyo dunia mpya ndiyo inayowafanya waamke asubuhi. Wakataji walikuja kutoka chumba chao kuchangia. Kaka mmoja wa majalada alikosana na mchumba wake kwa sababu ya jambo hili, wakapatana, wakakosana tena. Na mimi nitasema ukweli, na nitausema haraka. Nilidhani hadithi za mbali ni za watu wa mbali. Nilizisoma kama mtu anayeuza sauti. Siku ile nilirudi nyumbani nikamtazama baba yangu, ambaye ananiambia kila siku kwamba mambo yatakuwa mazuri, nikajiuliza yeye ameegemea upande gani wa mlango. Ni hayo tu. Nimemaliza ukweli, turudi kwenye utani.

Mama Uzi yeye hakuwa upande wowote. Alisema, "Mimi simwambii la kufanya. Mimi nataka kumwona akifanya." Na mlipomwandikia kwamba muda wake wa kustaafu umefika, mnajua alifanya nini? Alikwenda idara ya utumishi kuomba aongezewe muda mpaka kitabu cha tatu kije mezani. Afisa akamwuliza kwa adabu, huyo Mpima Maji ni ndugu yake? Akasema, "Kwa sasa, ndiyo." Afisa akamweleza kwamba kanuni zinatambua ugonjwa, uzazi na msiba. Kungoja kitabu hakumo.

Kwa hiyo Mama Uzi, ambaye vitabu alivyovishona vikifunguliwa vinalala chini kwa utulivu kama paka mezani, anaondoka leo bila kujua kama yule mwanamke amefungua mlango. Ndiyo shida ya hotuba yangu nzima. Majoka yalikuwa ya kuwachangamsha.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakuuliza hapa mbele ya watu, kwa sababu nikikuuliza ofisini kwako huniita kwa jina langu kamili, na jina langu kamili halijawahi kufuatwa na habari njema. Kitabu cha tatu kiko wapi? Kiwandani inasemwa kwamba umekizuia. Inasemwa kwamba kwa kuwa viwili vya kwanza vimelala ghalani, umeona cha tatu kisiende kuwaamsha. Mimi sisemi ni kweli. Mimi ni Redio, natangaza tu. Lakini kama kiko kwenye droo yako, basi zawadi ya mama tumeipata, na lile blanketi lililofungwa vizuri pale mezani tutampa mtu mwingine anayesikia baridi.

Naam? Mkurugenzi anasema jambo. Kwa walio nyuma ambao hawakusikia: anasema hajazuia kitu. Anasema, "Nitachapa nini? Sijaletewa hata ukurasa mmoja." Anasema ameuliza mara kadhaa, akachoka kuuliza. Mheshimiwa, nakuomba radhi, na naomba wafanyakazi wenzangu wote walioniambia tofauti sasa waache kutazama viatu vyao.

Basi macho yetu yanahama. Mwandishi wa Mpima Maji, mwalimu, dada yangu, nakuona umekaa pale karibu na mlango. Nawaambia wageni, dada huyu kutwa hufundisha hesabu, na usiku hatulali kwa ajili yake. Mwalimu, nilikuwa nimepanga kukutania. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana juu ya mtu anayemwacha mwenzake mlangoni kwa miaka. Lakini umesimama, kwa hiyo mimi nanyamaza. Mpeni kipaza sauti. Hataki. Sawa, sema, nitawapokezea.

Anasema hakukimaliza. Anasema hata hakuendelea. Alikuja siku moja kuchukua nakala zake, akapitishwa ghalani, akayaona makasha yamefika dari, akarudi nyumbani akafunga kompyuta. Anasema, "Sikujua kama kuna mtu anangoja."

Mnaniona nimeshusha kipaza sauti. Furahini, haitokei mara nyingi.

Tunakaa ndani ya ukuta mmoja na kazi ya huyu mtu. Tumeikunja, tumeishona, tumegombana juu yake mpaka chai imepoa, na hakuna hata mmoja wetu, wala mimi mwenye mdomo huu, aliyekumbuka kwenda kumwambia mwenyewe. Tulidhani anajua. Tulidhani waandishi wanajua.

Ngoja. Mama Uzi anainuka. Hapana, mama, kaa, atakuja yeye. Hataki kukaa. Mwachieni nafasi.

Kwa walio nyuma. Mama Uzi anasema, "Mwalimu, anayengoja ni mimi." Mwalimu anasema, "Itachukua muda, mama, nimepoteza hata sauti yake yule mwanamke." Mama Uzi anasema, "Chukua muda. Wenye haraka ni hawa wa kiwandani. Mimi kuanzia kesho sina pa kuwahi." Halafu amesema, na hili nalipokeza neno kwa neno, "Lakini usiniandikie kwa kunionea huruma. Kama yule mwanamke haufungui ule mlango, asiufungue. Nitakasirika, nitapoa."

Mkurugenzi ameinua mkono. Anasema kikiletwa atakichapa, makasha yawe yamepungua ghalani au hayajapungua. Na anasema siku karatasi za kwanza zitakapotoka mtamboni, mlinzi wa getini atakuwa na jina la Mama Uzi kwenye orodha ya wa kuingia, na kiti cha mama kitakuwa mahali pake mezani. Makofi, ndugu zangu. Makofi zaidi, asije akabadilisha mawazo njiani kwenda kwenye gari.

Mama Uzi, nilitaka kumaliza kwa kukusifu, na nina sifa nyingi nilizozikariri, ila naona umemshika mwalimu mkono na hunisikilizi kabisa. Vizuri. Hiyo ni mara ya kwanza unashindwa kunisikiliza tangu uliponiketisha pale, na sababu yake naikubali. Nenda salama, mama. Utatukuta.

Nawashukuruni wageni, wakubwa kwa wadogo, kwa kuvumilia mdomo wa kijana asiye na cheti cha kuutumia. Masikio yenu nimeyatumia vya kutosha. Nayarudisha yakiwa mazima, kila mtu achukue yake. Chakula kiko tayari, wahariri wamekwisha kusogea.

Mwalimu, mbona unachukua mkoba? Kula kwanza. Anasema hapana, anakwenda nyumbani, kuna jambo limemjia. Mama Uzi amemwambia achukue muda, nyote mmesikia, lakini kama anataka kukimbia sisi tutamzuia kwa lipi? Ninyi mliokaa karibu na mlango, sogezeni viti. Mfungulieni.